Steam Deck ukiwa Kigoma: mashine ni yako, gemu je?

Wadau, karibuni sana. Niko Kigoma mjini, Mwanga hapa, na leo tunachambua Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi kutoka kampuni ya Valve ya Marekani, wenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam. Si mpya. Ya kwanza ilianza kuwafikia wanunuzi Februari 2022, na yenye kioo cha OLED ikafuata Novemba 2023. Video zake zimejaa mtandaoni, ila wengi waliozitengeneza wana faiba nyumbani. Mimi nataka tuipime kwa maisha ya mtu anayeweka bando, umeme unakatika akiwa katikati ya mchezo, na kitu kikigoma anakipeleka kwa fundi simu. Kubwa zaidi nataka tujue, ukishalipa hela yako yote, umenunua nini hasa?

Tuanze na mashine yenyewe. Hii niliyoshika ni LCD, toleo la mwanzo. Kioo inchi 7, RAM GB 16, uzito gramu 669, kwa hiyo ukiicheza umelala chali mikono itakwambia. Ndani ni kompyuta kamili. Inaendeshwa na SteamOS, ambayo ni Linux, na kuna programu inaitwa Proton inayofanya gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows zikubali kucheza humu. Kwa gemu nyingi huoni tofauti yoyote, unabonyeza unacheza.

Sasa naigeuza, kamera isogee kidogo. Mnaziona hizi skrubu? Ziko nane, za msalaba wa kawaida, bisibisi yoyote ndogo ya fundi inafungua. Nne ni ndefu na nne ni fupi, kwa hiyo ukizitoa zipange kama zilivyokaa, maana ndefu ukiilazimisha kwenye tundu la fupi unapasua plastiki. Na kabla hujagusa skrubu hata moja, toa memori kadi. Hili nalisisitiza. Ukiiacha kadi ndani ukavuta mfuniko, kadi inakatika vipande viwili pale pale. Ukishafungua unafika kwenye hifadhi, unaweza kutoa ya GB 64 ukaweka kubwa. Vijiti vya kidole gumba vinabadilishika. Betri ndiyo tabu, imegundishwa kwa gundi nzito.

Valve wametoa hadi michoro ya umbo la ganda lake, yeyote aipakue. Vipuri vinauzwa tangu 2022 na iFixit, kampuni ya vipuri na maelekezo ya ufundi. Kwa mtu wa Kigoma hiyo ni habari nzito, kwa sababu Valve hawaiuzi rasmi Tanzania. Unaagiza, au unamwomba ndugu aliye nje, au unaikuta mkononi kwa mtu Dar. Hakuna waranti utakayoipigania ukiwa huku. Kitu ambacho fundi wako anaweza kukifungua bila kukiharibu, hiyo ndiyo waranti yako.

Umeme. Betri ya LCD ni Wh 40 (saa-wati, kipimo cha umeme inaoweza kubeba). Valve wenyewe wanasema saa 2 hadi 8 kutegemea gemu, na hapo hawajadanganya: gemu nzito inaimaliza kwa saa mbili au chini ya hapo, gemu nyepesi inakupeleka jioni nzima. Umeme ukikatika unabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, inalala, na ukirudi unaendelea pale pale ulipoachia. Inachajiwa kwa USB-C, chaja yake ni wati 45. Hizi pawabenki ndogo za sokoni zinazotoa wati 10 hazifui dafu, ukicheza huku imechomekwa asilimia zinashuka tu. Tafuta pawabenki inayotoa wati 45 kweli, si ya kuandikwa kwenye boksi.

Twende kwenye intaneti, maana hapa ndipo penye maumivu. Gemu kubwa za siku hizi zinavuka GB 100. Piga hesabu ya bando mwenyewe. Lakini kuna kitu Valve walikileta 2023 ambacho sisikii watu wa huku wakikizungumza: kuhamisha gemu kati ya mashine mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani. Rafiki yangu ana laptopu yenye gemu ambayo na mimi ninayo kwenye akaunti yangu. Tunakaa kwake, mashine zote mbili zinashika Wi-Fi moja, tunaruhusu kwenye mipangilio, naanza kushusha, na Steam inavuta mafaili kutoka kwenye laptopu yake badala ya kuyatoa huko duniani. Kila mtu lazima awe ameinunua gemu, huo si wizi. Ila bando linaliwa mara moja tu kwa watu wawili. Mkiwa kundi la wanne watano mnaocheza gemu zile zile, changeni bando la mmoja.

Nimeipeleka pia kwenye treni ya reli ya kati. Ukitoka Kigoma, ukipita Uvinza, Nguruka, hadi Kaliua kuelekea Tabora, kuna vipande mtandao haupo kabisa. Steam ina hali ya kucheza bila mtandao na inafanya kazi, mradi gemu umeshaifungua angalau mara moja ukiwa na intaneti. Gemu ndogo ya mtu mmoja ilicheza safari nzima bila neno. Nyingine, ya kampuni kubwa ambayo sitaitaja, nilikuwa nimeilipia na imekaa nzima kwenye memori, ikagoma. Ilitaka kwanza niingie kwenye akaunti ya kampuni hiyo, juu ya akaunti ya Steam. Gemu ya mtu mmoja! Mimi, behewa, na pori nje ya dirisha, nani nilikuwa namdanganya?

Hapo ndipo ninapokasirika kweli, na naomba mnivumilie. Simu za mkopo tunazijua wote. Ukichelewesha rejesho, simu inafungwa. Watu wanalalamika, lakini mkataba unaeleweka: deni likiisha kufuli linatoka, simu inakuwa yako. Gemu ya kidijitali unailipia yote siku ya kwanza na kufuli linabaki milele. Hakuna rejesho la mwisho. Kampuni ya gemu ya Ubisoft walitoa gemu ya magari inaitwa The Crew mwaka 2014. Machi 31, 2024 wakazima seva, na kwa kuwa ilitengenezwa iwe mtandaoni muda wote, hata aliyetaka kuendesha peke yake akakosa. Halafu wakaanza kuiondoa kwenye akaunti za watu waliokuwa wameinunua. Watu waliolipa hela halali.

Na Valve nao siwaachi. Mkataba wa Steam unasema unapewa leseni, huuziwi gemu, na akaunti huruhusiwi kumhamishia mtu. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 kwamba duka la kidijitali lisiandike "nunua" bila kumweleza mteja wazi kuwa ni leseni, na Steam wakaanza kuonyesha tangazo hilo kwenye ukurasa wa kulipia. Afadhali wanasema. Ila kusema hakujaondoa kufuli.

Linganisha na vibanda vya gemu vya mitaani kwetu. PS2 ilitoka mwaka 2000, na ukiwa na diski isiyokwaruzwa inacheza leo bila kumwomba mtu ruhusa. Sasa PS5 Pro imekuja bila sehemu ya diski, unainunua kando. Nintendo Switch 2, mashine nyingine ya gemu iliyotoka Juni 2025, ina baadhi ya kadi ambazo ndani yake gemu haimo, umo ufunguo tu, lazima uishushe gemu yote kwa intaneti. Mwenye kibanda wa Ujiji afanye nini na kadi ya hivyo?

Nikimtaja mwenye kibanda, nijibu swali ambalo najua mtaniuliza: je, mpira? Hapana. Gemu za mpira za kampuni ya EA, kuanzia FIFA 23 na hizi FC zilizofuata, hazichezi kwenye SteamOS. Zina mfumo wa kuzuia udanganyifu unaochimba ndani kabisa ya Windows, na EA hawajaufanya ukubali Linux. Fortnite, ile gemu ya kupigana mtandaoni, vile vile haimo. Nguvu ya mashine inatosha, mlango ndio umefungwa makusudi. Dawa ipo: Deck haijafungwa kwa mfumo mmoja, unaweza kuweka Windows na Valve wametoa madereva yake, yaani programu za kuifanya Windows ielewane na vifaa vya Deck. Lakini ukifanya hivyo ule usingizi wa kubonyeza mara moja hauna uhakika tena, na betri inaisha haraka zaidi. Kama wewe ni wa mpira tu, usinunue hii. Nasema kweli kabisa, okoa hela yako.

Kwa wengine wote, mimi naipenda na naitumia kila siku, hata kwa kazi. Unaingia upande wa kompyuta, unachomeka kibodi na mausi, unaunganisha na TV, unaweka LibreOffice, programu ya kuandikia, bure, unaandika barua za watu. Hakuna anayekuuliza leseni.

Na gemu zangu nanunua hivi. Kwanza naangalia GOG, duka la wenzetu wa Poland lililoanza 2008. Wao wanakupa faili la kusakinisha lisilo na kufuli. Unalishusha mara moja, unaliweka kwenye hadidiski ya nje, na siku duka likifungwa wewe bado unalo. Kwenye Deck unazipata kwa programu inaitwa Heroic, inachukua dakika chache kuiweka. Gemu kama Stardew Valley, ambayo imetengenezwa na mtu mmoja na haifiki hata GB 1, ipo pale. Kwa bando la huku hiyo ni raha tupu. Isipokuwepo GOG ndipo naenda Steam, na kabla ya kulipa nashuka chini kwenye ukurasa wa gemu kuangalia kama wameandika inahitaji akaunti ya kampuni nyingine. Wakiwa wameandika, naifunga.

Kuhusu toleo: ukipata OLED, chukua. Betri Wh 50, kioo inchi 7.4, na jua la Kigoma haliisumbui sana kama hii. Ukipata LCD iliyotumika, kabla ya kutoa hela zungusha vijiti vyote viwili, achia, uone kama vinarudi katikati. Chomeka chaja. Ingiza memori kadi uone inasoma. Na mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yako, uingize ya kwako, gemu moja ifunguke hapo hapo mkiwa bado mmesimama pamoja.