Kibanda cha Midoli ya Mitumba Ngamiani: Pa Kuanzia kwa Mkusanyaji wa Sanamu za Zamani

Mkazi wa Tanga anayetaka kuanza kukusanya sanamu za zamani za mashujaa, zile za plastiki zenye viungo vinavyokunjika mikononi na miguuni, namshauri asianzie kwenye simu. Aanzie Ngamiani, kwenye kibanda kisicho na bango kinachouza midoli ya mitumba, kilichobanana kati ya wauza viatu na wauza mashuka. Kibanda hicho kinampa anayeanza kitu ambacho picha za mtandaoni haziwezi kumpa: nafasi ya kuishika sanamu, kuigeuza, kujaribu viungo vyake na kuisoma mgongoni kabla hajatoa hata shilingi moja.

Mwenye kibanda ni mama wa makamo ambaye hana haraka na mteja. Ukimpa shikamoo na kuomba ruhusa ya kupekua, hujibu, “Marahaba mwanangu, pekua tu, kuangalia hakulipiwi,” na hulimaanisha neno hilo, kwa maana nimeona watu wakichutama mbele ya mabeseni yake asubuhi nzima bila kusumbuliwa. Belo likifunguliwa, kila kitu humwagwa juu ya turubai: magari yasiyo na matairi, wanyama, vipande vya Lego, wanasesere wasio na nywele, na katikati ya hayo yote sanamu tunazozitafuta. Vikubwa hupangwa mezani na vidogo hutupwa kwenye mabeseni. Sanamu ndogo huuzwa kati ya shilingi 500 na 1,000, na kubwa mara chache huzidi shilingi 5,000, kwa sababu bei hupangwa kwa ukubwa na mng'aro wa kitu, bila kujali umri wake wala jina la kiwanda. Mwenye kujua hupata faida kubwa hapo. Hata hivyo, naona si uungwana kukitambua kitu cha thamani kubwa, kukinunua kwa bei ya peremende na kuondoka kimya. Kumwongezea mama huyo chochote na kumweleza sababu ni haki yake, na pia humfundisha kukitunza kingine kitakapokuja.

Matarajio lakini yawe ya kweli. Vingi vilivyomo humo ni vya miaka ya 1990 na kuendelea: zawadi ndogo za migahawa ya Ulaya na Marekani, Power Rangers wa kampuni ya Bandai walioanza kuuzwa mwaka 1993, na Action Man wa awamu ya pili, ambaye kampuni ya Hasbro ilimrudisha sokoni Ulaya mwaka huohuo. Vitu vya miaka ya 1980 huonekana kwa nadra, na vya kabla ya hapo ni bahati tupu. Kwangu hilo si kasoro, kwa sababu jicho hujifunza kwa vitu vya bei nafuu, na anayeanza hapaswi kujifunza kwa kitu ambacho akikivunja kitamuuma mwaka mzima.

Somo kubwa linalopatikana kwenye kibanda hicho ni la kusoma maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki, mgongoni, kiunoni au nyuma ya mguu. Wengi wanaoanza hudhani kwamba mwaka unaosomeka hapo ndio mwaka sanamu ilipotengenezwa, kumbe ni mwaka wa hakimiliki ya umbo, na umbo moja huweza kuendelea kumiminwa kiwandani kwa miaka mingi. He-Man wa kampuni ya Mattel aliingia madukani mwaka 1982 ilhali mgongoni ana 1981. Action Man wa kwanza, aliyetengenezwa Uingereza na kampuni ya Palitoy kuanzia mwaka 1966, amechapwa 1964, kwa kuwa huo ndio mwaka ambao Hasbro ilimtoa mwanajeshi G.I. Joe wa Marekani, aliyekuwa kielelezo chake. Nyingi kati ya sanamu za kwanza za filamu ya Star Wars zina herufi G.M.F.G.I. na mwaka 1977. Herufi hizo ni za kitengo cha midoli cha General Mills, kampuni ya vyakula vya nafaka iliyokuwa ikiimiliki Kenner, mtengenezaji wa sanamu hizo, na sanamu zenyewe zilianza kuwafikia watoto mwaka 1978. Kenner ilishindwa kuzikamilisha kabla ya Krismasi ya 1977, ikauza kasha lenye cheti ili mnunuzi atumiwe sanamu 4 baadaye, na watu walilinunua.

Kwa hiyo maandishi yasomwe pamoja na mwili. Action Man mwenye nywele za kupakwa rangi ni wa mtindo wa awali, kwani nywele za manyoya mafupi zilikuja mwaka 1970, mikono laini inayoshika silaha mwaka 1973, na macho yanayogeuzwa kwa kitufe cha kisogoni mwaka 1976. Jina la mahali sanamu ilipotengenezwa nalo husaidia, maana Hong Kong na Taiwan mara nyingi huelekeza kwenye miaka ya 1970 na 1980, kabla ya kazi nyingi kuhamia China bara. Ikumbukwe pia kwamba mtoto wa mwenye sanamu huenda alibadilisha vichwa na mikono alipokuwa akicheza, hivyo kiungo kimoja peke yake hakitoi ushahidi wa kutosha.

Baada ya kusoma, jaribu viungo. G.I. Joe wa mwaka 1982 na kuendelea, ambaye Hasbro ilimpunguza kutoka takriban sentimita 30 hadi sentimita 9.5 hivi, kimo ambacho Kenner ilikuwa imekizoesha soko, ameshikiliwa kiunoni na oringi moja tu ya mpira mweusi. Mpira huo hukauka na kukatika, na sanamu hulegea kama mgonjwa. Mnunuzi asiiache kwa sababu hiyo, maana skrubu moja mgongoni hufunguliwa kwa bisibisi ndogo ya fundi saa, na maduka ya spea huwa na oringi za vipimo vingi. Kinachotisha zaidi ni dole gumba lililovunjika au kiwiko kilichopasuka, kwani hayo hayana dawa ya kweli.

Lawama zangu kwa kibanda hicho ni za utunzaji, nami nimezieleza palepale kwa heshima. Silaha, kofia na mikanda hutenganishwa na sanamu zake na kuingizwa kwenye beseni la takataka ndogo, ilhali kwa mkusanyaji sanamu iliyokamilika na iliyo tupu ni vitu viwili tofauti kabisa. Midoli michafu husuguliwa kwa waya wa kusugulia sufuria, na rangi ya macho na nyusi hutoka pamoja na uchafu, wakati maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini vingetosha. Bei huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, mara nyingine kifuani kabisa. Meza nayo hupigwa na jua tangu saa nne, na plastiki nyeupe iliyoachwa juani hugeuka manjano, hali vichwa vya plastiki laini hutoa mafuta na kunata. Kwa kadhia ya wino na waya nampa alama za chini bila kusita. Kwa uvumilivu wake kwa wateja nampa za juu kabisa.

Masoko ya mtandaoni yana vitu adimu zaidi, lakini nauli ya mzigo huweza kuizidi bei ya sanamu, na silaha za kuiga ni nyingi mno kwa asiyewahi kushika za asili. Silaha ndogo nyingi za asili za Kenner huelea majini na nyingi za kuiga huzama, ingawa kipimo hicho peke yake hakitoshi kumtia mtu hatiani.

Ukienda, nenda asubuhi siku belo linapofunguliwa, na umuulize mama mapema ni siku gani. Chukua tochi ndogo ya kusomea maandishi na kifuko cha kuwekea vipande, kisha anza na beseni la takataka ndogo kabla ya meza, kwani ukishaijua silaha utaijua sanamu yake ya kuitafuta. Ukifika nyumbani usizianike sanamu dirishani. Unyevu wa bahari yetu hutia skrubu kutu upesi, hivyo ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vitazihifadhi vizuri hata wakati wa masika. Ijumaa kibanda hufungwa mchana kwa ajili ya swala na mara nyingi hakifunguliwi tena hadi Jumamosi.