Uraia wa Montenegro kwa kununua nyumba: uzoefu wangu

Pasipoti naipa nyota nne. Nyumba naipa moja, na hiyo ni kwa sababu ya mandhari.

Mimi ni Mkenya, nafanya biashara ya vipuri Dubai, na wauzaji wangu wengi wako Ujerumani na Italia. Kila safari ilikuwa kugombania miadi ya viza, kisha kusubiri pasipoti irudi huku kontena likinisubiri mimi. Nikaingia kwenye mpango wa Montenegro mwaka 2021. Si nchi ya Umoja wa Ulaya, lakini raia wake wanaingia Schengen, eneo la nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, bila viza kwa siku 90 katika kila 180. Kwa shughuli zangu zinatosha kabisa.

Gharama zilikuwa hivi: nyumba kuanzia yuro 250,000 upande wa kaskazini, au 450,000 ukitaka pwani au Podgorica, mji mkuu, na lazima iwe kwenye mradi ulioidhinishwa na serikali. Ongeza mchango wa serikali wa yuro 100,000 na ada ya maombi 15,000. Hapo wakala bado hajala chake, na kumkwepa huwezi, maana maombi yalipitia kwa wenye leseni tu.

Uchunguzi wa chanzo cha fedha si mchezo. Pesa ya kuuza shamba la marehemu baba kule Kilifi ilinibidi niithibitishe kwa mkataba wa mauzo, taarifa za benki na tafsiri yenye muhuri. Sikulalamika; heri wachunguze sana kuliko pasipoti ije kutiliwa shaka mpakani. Uraia wa Kenya sikuupoteza, Katiba ya 2010 inaruhusu, ila unatakiwa utoe taarifa ya uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. Ndugu zangu Watanzania, sheria yenu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi nyingine, kwa hiyo pigeni hesabu upya.

Sasa nyumba. Iko Kolašin, mji wa milimani ambako watu huenda kuteleza kwenye theluji. Ukiambiwa "nyumba" usifikirie sebule na jiko: ni chumba cha hoteli chenye hati kwa jina lako. Kabati, birika, kitanda, na roshani inayotazama misonobari, basi. Mkataba wangu unampa mwendeshaji wa hoteli haki ya kukipangisha, mimi napewa siku chache kwa mwaka, na niziombe mapema. Mjenzi alichelewa kukabidhi, na kila nikiuliza jibu lilikuwa baridi kali imezuia kazi, hata mwezi wa Julai, ambao kule ni wa joto. Dalali wa pale mjini alinionyesha fleti ya kawaida, kubwa kuliko yangu mara mbili, kwa bei ya chini sana. Bei yangu ilikuwa na pasipoti ndani yake, na mpango ulipofungwa mwisho wa 2022 wanunuzi wa namna hiyo wakaisha.

Bado napokea matangazo ya WhatsApp ya "uraia wa Montenegro". Ukinunua nyumba kule leo hupati uraia; unaweza kuomba kibali cha kuishi cha muda, cha kuhuishwa, ukitimiza masharti. Cyprus ilifunga mpango wake wa uraia Novemba 2020, na Malta ikafuta wake baada ya hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya Aprili 2025. Anayetaka chumba cha Kolašin, changu kinauzwa, na bei tutaelewana.