Kipima sukari cha kidole au sensa ya mkononi: kipi kinakutunzia siri?
Kile cha kutoboa kidole usumbufu wake tunaujua, stripu bei juu na vidole vinachoka, ila namba inabaki kwenye mashine na daftari lako, anayetaka kujua sukari yako lazima avishike. Sensa, yaani kile kifaa kidogo kinachojipimia sukari chenyewe, kama FreeStyle Libre 2, unabandika nyuma ya mkono siku 14, inaongea na simu kwa bluetuthi, sukari ikishuka usiku inapiga alamu unaamka, hapo sibishi kabisa, kwa anayechoma insulini hiyo ni uhai. Shida iko kwenye akaunti, ukishajisajili vipimo vinapanda kwenye seva za kampuni, halafu yule ndugu uliyemruhusu kitambo ukamsahau bado anaona sukari yako inavyopanda baada ya pilau la harusi (na ataongea tu). Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria haikufungii simu. Mwenye insulini namwambia achukue sensa, ila pasiwedi iwe ya peke yake, simu iwe na loki, na apitie orodha ya anaowaruhusu. Anayepima asubuhi tu, cha kidole kinamtosha.