Uzoefu wangu: simu yenye kwikwi na mafundi wawili wa Mtwara

Ilianza Jumatano saa tatu usiku, nikiwa nahesabu pesa za pweza. Simu ikazima yenyewe. Ikawaka, ikaonyesha ile alama ya kampuni, ikatetemeka mkononi, ikazima tena. Nikaiweka mezani tukawa tunatazamana. Kila baada ya muda mfupi: tetemeko, alama, giza. Ilikwenda hivyo kama mtu mwenye kwikwi mpaka karibu na alfajiri, betri ilipokwisha kabisa, na mimi ndipo nikapata usingizi.

Mniwie radhi kwa urefu wa maelezo haya, lakini simu ile ndiyo daftari langu. Nanunua pweza na samaki Msangamkuu, navuka nao, nauza huku mjini. Wateja wa mkopo nawaandika kwenye daftari la karatasi, kisha jioni napiga picha ukurasa, maana daftari la muuza samaki likiloa limekwenda, na la mwezi uliopita lilishaloa. Madeni ya watu kumi na tisa yalikuwa ndani ya simu hiyo tu. Nawajua watu wangu, hakuna ambaye angenipigia kunikumbusha anachodaiwa.

Asubuhi nikaanza utundu wangu. Nilibadilisha chaja, nikabadilisha waya. Nikatoa laini na kadi ya memori, kwa kuwa niliwahi kusikia kadi mbovu inaweza kuisumbua simu wakati wa kuwaka. Nikabonyeza swichi ya kuwashia pamoja na ya kupunguza sauti, nikashikilia mpaka kidole kikauma. Kwikwi ikarudi vilevile.

Shemeji yangu akasema mchele. Nikaizika kwenye mchele saa nne nzima, mchele wa kula. Haukusaidia kitu, na baadaye fundi alichomoa chembe ya mchele kwenye tundu la chaja kwa sindano huku akijizuia kucheka. Nimekuja kusoma kwamba hata Apple, mwaka 2024, waliandika kwenye maelekezo yao kuwa iPhone iliyolowa isiwekwe kwenye mchele, chembe zake ndogo zinaweza kuiharibu. Simu yangu si iPhone, lakini mchele ni uleule.

Jambo moja nililofanya kwa akili siku ile ni kuhamishia laini kwenye kiswaswadu cha mwanangu. Tundu lake ni la laini kubwa na yangu ni ile ndogo kabisa, kwa hiyo nikatafuta ganda la plastiki ambalo laini ilikuja nalo, nikaipachika humo, ikashika. *150*00# ya M-Pesa ikafunguka, pesa zangu zikawa salama na wavuvi nikawalipa. Msitupe yale maganda.

Fundi wa kwanza alikuwa na kibanda karibu na stendi. Simtaji, na wala sisemi ni mtu mbaya. Aliichaji kidogo, akabonyeza swichi ya kuwashia na ya kuongeza sauti kwa pamoja. Ikatokea ile orodha ya maandishi madogo ya Kiingereza, ya kuitengenezea simu kabla haijawaka kikamilifu. Haikumaliza hata pumzi mbili, ikazima. Akarudia. Ikazima.

“Programu imevurugika, mama. Tuiflashi, yaani tuipakie programu upya. Elfu ishirini na tano.”

“Na picha zangu?”

“Vilivyomo vyote vinaondoka.”

“Na ikigoma hata baada ya hapo?”

“Basi ni mazabodi, ile bodi kuu ya ndani.”

Yaani nilipe, nipoteze madeni ya watu kumi na tisa, halafu ndipo tujue kama tatizo lilikuwa hilo. Nikamwambia nakwenda kufikiri. Akadai elfu mbili ya kuangalia, nikampa.

Ijumaa nikaelekezwa Magomeni, ya hapahapa Mtwara, kwa fundi binti. Nakiri nilisita. Kibanda ni kidogo, feni moja na benchi la wateja, ila meza yake ni safi kuliko jiko langu. “Shikamoo mama.” Marahaba. Hakuishika simu kwanza. Aliuliza ilianza lini, kama ilianguka, kama ilikuwa imejisasisha siku hiyo, kama niliisikia ikipata joto. Kisha akauliza, “Huwa unaiweka wapi ukiwa kazini?”

“Kibindoni.”

“Na unavuka maji?”

Navuka karibu kila siku, na huu ni msimu wa kusi, rasharasha za bahari unazipata utake usitake. Akaguna. Nadhani pale pale alishajua.

Naye akaifungua ile orodha ya maandishi madogo, ikazima vilevile, lakini akaisoma tofauti kabisa. Alinigeuzia kioo nione. “Mama, hapa Android yenyewe bado haijaamka. Kama ni programu iliyoharibika, simu ingetulia hapa ikasubiri tuchague. Inazimia hata hapa, kwa hiyo mimi natafuta umeme au swichi kabla sijagusa programu.” Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi. Fundi wa kwanza aliona kitu hichohicho kwa macho yake, mara mbili.

Akafungua mfuniko wa nyuma. Aliupasha moto taratibu kwa bloa, akapitisha kadi ya plastiki pembeni. Betri ilikuwa bapa, haijavimba, na mita ikasoma volti 3.9, akasema umeme upo wa kutosha. Kuna kistika kidogo cheupe ndani ambacho hugeuka chekundu maji yakiingia. Changu kilikuwa kimeshika wekundu upande mmoja. Kisha akanionyesha ule utepe mwembamba unaotoka kwenye swichi za ubavuni, wenyewe wanauita flekisi. Penye swichi ya kuwashia palikuwa na ukungu wa kijani, kama ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Akagusisha ncha mbili za mita, mita ikalia piii bila kukatika. “Unasikia? Sijaibonyeza. Yenyewe inasema imebonyezwa.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Simu nyingi zimetengenezwa hivi: ukishikilia swichi ya kuwashia sekunde kumi au zaidi, inajizima na kuanza upya hata kama imeganda. Ni njia ya kuiokoa. Sasa chumvi na jasho vilikuwa vimeunganisha swichi kwa ndani, na simu ikawa inahisi kidole kisichoondoka. Inawaka, inahesabu sekunde zake, inatii amri, inazima. Inawaka tena kwa sababu kidole bado kipo. Ilikuwa mtiifu kupita kiasi, na mimi usiku kucha naiita mbovu.

Akachomoa flekisi yote. Akachukua koleo lake la ncha nyembamba akagusisha vituo viwili kwenye bodi, mara moja tu, kama mtu anayebonyeza na kuachia. Tetemeko. Alama. Nikasubiri giza. Alama ikakaa. Ikakaa. Kikaja kioo cha kuweka namba ya siri, na jumbe za WhatsApp zikaanza kumiminika kwa intaneti ya kibandani kwake, za siku mbili, nyingi zikiuliza pweza.

“Kabla sijafanya kingine chochote, tuhamishe picha,” akasema. Tukazihamishia kwenye kadi ya memori zote. Kwa hilo tu ningemlipa.

Akaniuliza neno la siri la akaunti yangu ya Google. Silijui, simu ilifunguliwa akaunti na kijana wa dukani siku niliyoinunua. Akatikisa kichwa. Ukifuta simu kwa kupitia ile orodha, ikiwaka itakudai akaunti iliyokuwemo. Ni ulinzi dhidi ya wezi, upo tangu Android 5.1 ya mwaka 2015. Yaani kule stendi ningeweza kutoka na simu isiyo na picha na isiyoingilika pia. Tukalibadilisha neno la siri palepale, nikaliandika kwenye daftari la nyumbani, si lile la samaki.

Nilikaa kwenye benchi lake muda mrefu, na benchi la fundi lina elimu yake. Wote tulikuja na neno moja, “haiwaki”, na kila mmoja ana ugonjwa wake. Dereva wa boda, anayefunga simu kwenye usukani juani kutwa, yake ilikuwa inazima ikifika asilimia arobaini. Mfuniko wa nyuma umeinuka kama andazi. Fundi alikataa hata kuichomeka kwenye chaji, akamwambia betri iliyovimba haikandamizwi wala haitobolewi, inatolewa. Mwanafunzi mmoja yake haikuwa inazima. Ilikuwa imekwama kwenye alama tangu ijisasishe, na alikiri memori ilikuwa imejaa pomoni. Huyo ndiye mwenye ugonjwa wa programu. Fundi aliiwasha huku ameshikilia swichi ya kupunguza sauti ili iamke katika hali salama, ile ambayo programu ulizoongeza mwenyewe hulala, wakafuta video na programu mbili, ikapona bila kufutwa.

Mzee wa Nanyamba ndiye aliyenihuzunisha. Yake ilishaflashiwa kwingine, ikawaka vizuri, ila haishiki mtandao. Fundi akapiga *#06#, namba tuliyoijua wengi mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia. IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ikatokea sifuri tupu. Mzee akauliza, “Sasa hii ni simu au redio?” Hakuna aliyecheka.

Sasa upande wa lawama, maana huyu binti naye hakunifurahisha kwa kila kitu. Flekisi ya aina ya simu yangu hakuwa nayo, ikabidi iagizwe Kariakoo na kuja kwa basi. Alisema Jumamosi, ikafika Jumatatu, na hakunipigia, nilimfuata mimi. Siku hizo tatu nilitembea na simu isiyo na swichi. Kioo nilikiamsha kwa kukigonga mara mbili, kwa bahati simu yangu inakubali. Lakini ikizima kwa kuishiwa chaji, ukiichomeka inaonyesha picha ya betri tu, haiwaki mpaka yeye na koleo lake. Kwa hiyo nilivuka Msangamkuu na pawabenki kama mgonjwa mwenye dripu. Gundi ya mfuniko hakuirudisha vizuri upande wa chini, ukucha unaingia. Amesema wazi kwamba simu ikishafunguliwa haizuii tena maji kama mwanzo. Sawa, ila ule upande angeweza kuukandamiza vizuri zaidi. Na risiti hana. Nilimwomba aniandikie kwenye karatasi, akaandika, akasahau tarehe.

Bei: flekisi sh 12,000, usafiri wa basi sh 3,000, ufundi sh 15,000. Jumla sh 30,000, kwa hiyo ni elfu tano zaidi ya kule stendi. Hakudai pesa ya kuangalia. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameipoteza kwa ile Jumamosi.

Wenye simu inayojizima na kujiwasha, kabla ya kumruhusu mtu aifute, mwombeni aifungue ile orodha ya maandishi madogo mbele yenu aiache. Ikitulia pale dakika nzima, mazungumzo ya programu yana maana. Ikizima yenyewe, muulizeni kama amepima swichi na betri. Na ziulizeni swichi wenyewe nyumbani: ibonyeze uisikilize. Ya kwangu ilikuwa haitoi tena ule mlio mdogo wa “tik”, imelegea kama jino la mtoto, kwa wiki kama mbili, na nikaipuuza. Vilevile, simu ikianza kuzimazima leo na bado inawaka walau kidogo, toeni picha leo. Fundi aliniambia kwenye simu za siku hizi vilivyomo hufungwa kwa ufunguo ulio ndani ya bodi yenyewe, bodi ikifa huwezi kunyofoa memori ukaisomea kwingine kama kadi.

Sasa simu inavuka maji ndani ya mfuko wa nailoni, kikapuni, juu ya samaki si chini. Kibindoni nimebakiza pesa.

Ile wiki habari za simu yangu zilienea sokoni haraka kuliko bei ya pweza. Mteja mmoja, wa kilo sita tangu mwezi uliopita, alinipa pole nyingi sana, akauliza mara mbili kama kweli fundi ameshindwa kutoa chochote ndani. Nilimwambia tunamwachia Mungu. Jumatatu jioni, swichi mpya ikiwa bado inanukia spiriti, nilimtumia picha ya ukurasa wake. Alama mbili za bluu zimetokea. Bado naangalia anaandika nini.