"Si ulitaka linalokimbia?": uzoefu wangu na mche wa New Dawn wa kubebesha

Nyota moja, na hiyo moja ni ya kiriba, ule mfuko uliobeba mche, maana hakikupasuka njiani.

Niliuziwa kama New Dawn, waridi la kutambaa, la kubebesha, kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Arusha, msimu wa vuli. Si hii iliyopita, ni ya kabla yake au ya kabla ya hiyo. Elfu ishirini na tano. Rangi, urefu na harufu ya New Dawn mtu atavikuta popote akitafuta, sitavirudia. Mimi nina ugomvi na utepe wa nailoni usiozidi upana wa kidole, na sentensi moja ya kijana wa kitaluni.

Utepe kwanza. Waridi la kubebesha ni mimea miwili iliyoshonwa pamoja: chini kuna shina la mwitu lenye mizizi ya nguvu, juu kuna kikonyo cha waridi lenyewe, lile unalolilipia. Mashamba ya maua kule Kenya yametumia sana shina la chini liitwalo Natal Briar, na ni shina zuri, sina neno nalo. Pale panapounganishwa hufungwa utepe wa plastiki ili pasikauke na vidonda vishikane. Kikonyo kikishashika, baada ya wiki 4 mpaka 6 hivi, utepe unachanwa kwa wembe na kutolewa. Unatolewa! Hausubiriwi uoze, plastiki haiozi.

Wangu uliachwa, kisha kiriba kikajazwa udongo mpaka juu ya kiungo, kwa hiyo hauonekani. Niliukuta baadaye sana nikifukua kwa kijiko cha chai: ukanda umezama ndani ya gome kama pete kwenye kidole kilichovimba. Juu yake shina limefura kama goti, chini yake limekonda, na upande mmoja gome limekuwa la kahawia, ukilikwaruza kwa ukucha huoni ubichi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia gome. Kikikabwa hapo, mizizi inashinda njaa. Pamoja na chakula hushuka homoni kutoka kwenye ncha za matawi, nayo ndiyo inayoyalaza macho ya chini, vile vijicho vya shina vinavyotoa machipukizi. Homoni isipofika, macho ya chini yanaamka.

Na yasingeamka kama yangeshaondolewa. Fundi anayeijua kazi hii, kabla hajachomeka kipande cha shina la mwitu kwenye udongo, huyang'oa macho yote yatakayofukiwa, moja moja, kwa ncha ya kisu. Ni nusu dakika kwa kila kipande. Kwenye wangu nilihesabu matatu ambayo hayakuguswa. Mtu kaokoa nusu dakika, mimi nimepoteza mwaka.

Maana lilikua. Siwezi kusema uongo, lilikua kwa namna ya kutia raha. Fimbo mbili za kijani zilichomoka udongoni, nene kama kidole gumba, zikashika nguzo ya baraza, na kabla masika hayajaisha zimegusa bati. Wakati huo ungeniuliza ningetoa nyota tano bila kufikiri. Nikalipatia debe zima la samadi iliyooza, kila mwezi gramu 50 za mbolea ya NPK 17-17-17, konzi moja, nikiitawanya sentimita 30 kutoka shinani, na kipindi cha jua lita 20 za maji mara mbili kwa wiki. Vyote hivyo vikaenda kwa la mwitu. Kikonyo chenyewe kilibaki na kitawi kimoja cha urefu wa rula, kimejikunyata upande wa ukuta, na kwa ujinga nikaona hicho ndicho kibovu. Kidogo nikikate.

Kwa anayetaka kujua analea nini: usihesabu vijijani. Ule ushauri kwamba jani la waridi la bustani lina vijijani vitano na la mwitu lina saba unazunguka sana, na kwa New Dawn haufai hata kidogo. New Dawn ina damu ya waridi la kutambaa la Asia, Rosa wichurana, na hutoa saba bila wasiwasi. Ukikata kwa hesabu hiyo utakata waridi lako mwenyewe. Angalia mng'ao. Jani la New Dawn limekolea na linameremeta kama limepakwa mafuta. La yule mgeni wangu lilikuwa limefifia, na baridi ya Juni ilipoingia likajaa ubwiri unga, ule ugonjwa wa unga mweupe, huku kile kitawi pembeni kimebaki kisafi. Ila ushahidi usiopingika ni mmoja: pa kutokea. Fukua kwa vidole, uifuate fimbo mpaka inapoanzia. Ikianzia chini ya kile kifundo cha kiungo, si yako.

Siku ya kununua nilimwomba kijana afunue udongo kidogo nikione kiungo. Akanijibu, "Mama, ua halinunuliwi kwa kuchimbuliwa." Nikacheka, nikalipa. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini niliporudi na utepe wenyewe ndani ya bahasha na picha kwenye simu, alitazama mara moja tu, akasema: "Mama, si ulitaka linalokimbia? Limekimbia." Akageuka kuendelea kumwagilia. Na hata hilo la kumwagilia alikuwa analikosea: mpira juu, maji juu ya majani, saa kumi na moja na nusu jioni. Madoa meusi ya waridi ni kuvu, na mbegu zake zinahitaji jani lililolowa kwa saa 7 hivi ili ziote. Ukilowesha jioni umeziandalia usiku mzima. Maji ya waridi ni asubuhi, na ni ya chini, shinani.

Angekuwa anayajua maua angejitetea vizuri zaidi. New Dawn ni tawi lililobadilika kwenye waridi la zamani zaidi, Dr. W. Van Fleet, ambalo huchanua mara moja tu kwa mwaka, na wakati mwingine New Dawn hurudia asili. Angeniambia "limerudi kwa babu yake" ningesita kidogo. Lakini hata babu angechanua ile mara moja! Na hiyo tabia ya kuchanua tena na tena ndiyo iliyoipa New Dawn hati miliki namba 1 ya mimea nchini Marekani, Agosti 1931, ya kwanza kabisa kutolewa kwa mmea. Yaani hati ilitolewa kwa sababu linarudia kuchanua, mimi nimeuziwa lisiloanza.

Kuliondoa la mwitu. Usizikate fimbo zake usawa wa udongo kwa mkasi. Karibu kila mtunza bustani wa kukodi hufanya hivyo, na ukifanya, kitako kinabaki na vijicho vyake, ikatwe moja zirudi nne. Fukua mpaka inapoungana na shina, vaa glavu za ngozi, shika chini kabisa, ivute kwa kuishusha mpaka inyofoke na kisigino chake. Kidonda kitaonekana kibaya kuliko cha mkasi, kiache. Mimi baada ya hapo nilichana utepe kwa wembe, nikaondoa udongo mpaka kiungo kikatokeza sentimita 3 juu ya ardhi. Maelekezo ya nchi za baridi kali husema kiungo kifukiwe, lakini wao wanakikinga na baridi ya kugandisha. Kwetu barafu ya karibu iko Kibo.

Sasa hapa inabidi nirekebishe ile nyota. Kile kitawi cha rula, kilipoachiwa mizizi yote peke yake, kilikaa wiki tatu bila dalili yoyote, kisha kikaachia. Majani ya kumeremeta, fimbo moja, mbili, ya tatu imetokea juu ya kiungo kabisa, safi. Yale maua ya kwanza, rangi ya waridi iliyopauka, yalinikuta bado nina hasira, na nakiri hasira ilipungua. Mche wenyewe ni nyota tatu. Mizizi ile ina nguvu kwelikweli.

Kijana alikuwa amenipa na ushauri wa bure: "kata kote kila miezi mitatu, litajaza." Huo ni wa michongoma. Waridi la kutambaa, miaka 2 ya mwanzo fimbo zake kuu hazikatwi, zinalazwa. Fimbo ikisimama wima, jicho la nchani hutawala yaliyo chini yake, ndipo unapopata maua juu ya bati ambayo jirani anayaona kuliko wewe. Ukiilaza ikakaribia kuwa sambamba na ardhi, ule utawala unavunjika na macho yanaamka kwenye urefu wote, kila moja linatoa kitawi cha maua. Ilaze ingali changa na ya kijani, kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ikishakuwa kuni itakatika mkononi. Waya wa milimita 2.5 unatosha: mstari wa kwanza sentimita 45 kutoka ardhini, mingine kila 40, na kulabu ziuweke mbali na ukuta sentimita 8 hadi 10 ili upepo upite nyuma ya majani. Funga kwa vipande vya khanga kuukuu, kwa umbo la 8, mkanda upite katikati ya waya na fimbo. Usifunge kwa waya wa nondo. Fimbo inanenepa, waya haunenepi, na habari ya utepe nimeshaisimulia. Vitawi vya pembeni vikimaliza kuchanua virudishe mpaka macho 2 au 3. Kwangu maua hurudi wiki ya sita mpaka ya nane.

Kuhusu shimo sina mengi: sentimita 60 kila upande, na 45 kutoka ukutani, kwa sababu chini ya bati mvua haifiki na mabaki ya saruji ya msingi huutia udongo chokaa. Majani mapya yakiwa njano na mishipa imebaki ya kijani, ni hiyo chokaa inazuia chuma, usiongeze NPK.

Ila kadiri ninavyoandika ndivyo nazidi kujiuliza kwa nini New Dawn ilibebeshwa. Maua ya shambani yenye mizizi mivivu hubebeshwa, naelewa. Hili lina nguvu zake, na kwa kipandikizi linashika vizuri tu: chukua kitawi kilichotoka kuchanua, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20, kata chini ya jicho, bakiza majani mawili juu, fukia theluthi mbili kwenye mchanga na mboji nusu kwa nusu, weka kivulini, usiache pakauke. Wiki 6 mpaka 8 ukivuta taratibu linakataa kutoka. Waridi lililosimama kwa mizizi yake lenyewe likichipua kutoka chini, kilichochipua ni lenyewe. Hakuna utepe, hakuna kiungo, hakuna wa kukwambia limekimbia. Na ile hati ya 1931 muda wake ulikwisha zamani, kwa hiyo hakuna wa kukudai. Elfu ishirini na tano nililipia nini?

Basi: waridi nyota nne, nimepandisha. Ya tano nilikuwa nayo mpaka nilipochanika mkono wakati wa kulaza fimbo ya tatu. Miiba yake imepinda, inaingia kirahisi na haitoki kirahisi. Kitalu ile ile moja ya kiriba. Au tuseme ilikuwa moja. Leo nimekiosha nipandie kipandikizi, nikakigeuza: chini kina tundu moja tu la kutolea maji, nalo limezibwa na kipande cha utepe.