Uzoefu wangu: kurekebishiwa jenereta ili itumie petroli yenye ethanoli

Karakana yetu ya kuchapa vifungashio, iliyopo Tabata, hutumia ethanoli kavu kupunguzia wino, na stoo haikosi madumu ambayo muda wake wa matumizi umepita. Kwa kuwa Malawi wamekuwa wakichanganya ethanoli na petroli tangu mwaka 1982, sikuona ajabu kumpelekea fundi mmoja wa Gerezani jenereta yetu ya kabureta na kumwomba airekebishe ili itumie mchanganyiko wenye ethanoli asilimia 20.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuanza na bisibisi, bali na mafuta yenyewe. Alimimina petroli na ethanoli yetu kwenye chupa nyeupe, akatikisa, kisha akaiacha itulie. Dumu moja lilikuwa limeshavuta unyevu, kwa hiyo mchanganyiko wake ulipiga ukungu na baadaye tabaka la maji na ethanoli likajitenga chini, jambo ambalo ndani ya tangi lingeizima injini. Dumu hilo alilikataa papo hapo.

Kilo moja ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa, ilhali kilo moja ya ethanoli huhitaji kilo 9 tu. Kwa sababu hiyo, jeti ya kiwandani (kipande chenye tundu dogo kinachopima mafuta ndani ya kabureta) hupitisha mafuta machache kuliko yanayotakiwa, mngurumo ukawa unapanda na kushuka, na valvu ya eksozi ikapata joto kupita kiasi. Fundi alitoa jeti namba 70 akafunga namba 72, yenye tundu kubwa zaidi, na alikataa katakata kuitanua ile ya zamani kwa waya, kama wafanyavyo wengi. Baada ya hapo aliibebesha jenereta pasi na hita hadi ikakaribia mzigo wake kamili, akaizima, akachomoa plagi: ncha iliyokuwa nyeupe kwa jeti ya awali sasa ilikuwa ya kahawia. Alimalizia kwa kurekebisha gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini, hadi kipimo cha masafa ya umeme kikasoma 50 Hz chini ya mzigo. Kwangu mimi, jaribio hilo la mzigo ndilo lililostahili malipo.

Sikuridhishwa na mpira wa mafuta. Nilitozwa bei ya mpira unaohimili ethanoli, lakini nilifungiwa ule wa kawaida, ambao ulikakamaa na kuanza kuvuja kwenye kibano. Walinibadilishia bure, ila baada ya mabishano.

Wanaofikiria kununua ethanoli dukani wapige hesabu kwanza, kwani lita yake ina nishati pungufu kwa takribani theluthi moja kuliko ya petroli, na sisi tunaona tangi likiisha mapema kidogo. Wasome pia kitabu cha mashine: Honda, kwa mfano, huweka ukomo wa asilimia 10 kwa injini zake ndogo, hivyo mwenye dhamana asithubutu asilimia 20. Kwa unyevu wa Dar es Salaam, sisi hufunga koki ya mafuta na kuiacha injini ijizimie yenyewe, ili kibakuli cha kabureta kisilale na mchanganyiko.

Jeti ya zamani nimeihifadhi, maana kwa petroli tupu namba 72 huacha masizi kwenye plagi. Fundi anataka ada nzima kila nitakapotaka kurudisha ile ya awali, na kwa kazi ya kufungua kibakuli na kuzungusha bisibisi bapa, bei hiyo naiona kubwa mno.