Mkanda wa Ngozi wa Kunyanyulia Vyuma: Wa Mtandaoni, wa Leva na wa Fundi wa Moshi

Habari zenu wadau, karibuni sana. Nipo hapa Pasua, Moshi, kwenye kibanda changu cha mazoezi nyuma ya nyumba, na mezani nina mikanda mitatu. Huu mweusi niliuagiza mtandaoni. Huu wa kahawia nimetengenezewa na fundi viatu hapahapa mjini. Wa tatu, huu wenye leva, yaani kifungio cha chuma cha kubonyeza badala ya bizimu, nimeazimwa na jirani yangu nikae nao wiki mbili. Vyuma vyangu mnavifahamu: mti mmoja wa kununua, ule mrefu wa chuma unaobeba mzigo, pleti chache za chuma, na nyingine za zege niliyomimina mwenyewe kwenye ndoo za rangi. Mikanda yote nimeifanyia skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na mti mabegani, na dedilifti, yaani kuinua mti kutoka chini, kwa hiyo nitakachosema nimekijaribu kwa mwili wangu.

Kabla hatujashika ngozi, tuelewane mkanda unafanya nini, kwa sababu swali hili ndilo linaloamua ununue upi. Wengi wanaamini mkanda unashika mgongo kama bendeji inavyoshika kifundo cha mguu. Kazi yake inaanzia mbele, tumboni. Unavuta pumzi ishuke mpaka chini ya kitovu, unaizuia, unakaza tumbo kulisukuma nje pande zote. Presha ndani ya tumbo inapanda, kiwiliwili kinakuwa kigumu kama gunia lililojazwa vizuri, na uti wa mgongo unapata pa kuegemea. Mkanda unalipatia tumbo ukuta wa kusukuma. Basi. Usipojua kuvuta pumzi hiyo, hata mkanda wa laki tatu utakubana tu bila kukusaidia.

Na hapa nisimame kidogo, ndugu zangu. Unapozuia pumzi chini ya mzigo mzito, presha ya damu inapanda sana kwa sekunde hizo chache. Kama una presha, una ngiri, una mimba au umefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, nenda kwanza kwa daktari ukamweleze hasa unachotaka kufanya. Nyumbani tunafanya mazoezi peke yetu, hakuna mtu wa kukudaka ukipata kizunguzungu.

Haya, tuje kwenye umbo. Angalieni huu mweusi. Nyuma ni mpana, sentimita 15, halafu unakuja ukipungua mpaka mbele unabaki kama mkanda wa suruali. Madukani ndiyo iliyojaa, na muuzaji atakwambia upana wa nyuma ni kwa ajili ya mgongo. Sasa kumbuka nilichosema: tumbo linasukuma mbele. Mkanda mwembamba mbele umelinyima tumbo ukuta mahali unapohitajika zaidi. Kwa skwati na dedilifti mimi siushauri hata ukiwa wa ngozi nzuri. Chukua wenye upana mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sentimita 10. Shirikisho la kimataifa la powerlifting, mchezo wa kushindana kunyanyua vyuma vizito, IPF, limeweka hiyo sentimita 10 kuwa ndiyo mwisho wa upana, na unene mwisho milimita 13. Kama wewe ni mfupi au una kiuno kifupi, na ukichuchumaa mkanda unakuchoma mbavu juu na nyonga chini, tafuta wa sentimita 7.5. Dada zangu wengi utawafaa huo.

Unene sitauchelewesha: milimita 10. Ule wa 13 ni mgumu sana, unachukua muda mrefu kuzoea mwili, na faida yake inaonekana kwa watu wanaonyanyua mizigo mikubwa kuliko tunayonyanyua wengi wetu nyumbani.

Ngozi sasa, na hapa nitakaa. Huu mweusi ulikuja ukinukia ngozi, unang'aa, umepigwa muhuri kabisa. Mwezi wa tatu wa kuutumia ukaanza kufumuka pembeni. Tazama hapa, nasogeza kamera. Juu kuna ganda jembamba kama plastiki, katikati ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa yakagandishwa kwa gundi. Jasho likiingia, gundi inaachia. Niliumia, kwa sababu hela ile niliikusanya kidogokidogo. Ndiyo maana nataka mjue kuangalia kabla ya kulipa. Usiangalie uso wa mkanda, angalia ukingo wake uliokatwa. Ngozi ya kweli ina nyuzinyuzi zilizoshikamana kutoka juu mpaka chini. Ukiona kama unga ulioshindiliwa, au ukingo umepakwa rangi nzito kiasi kwamba huoni kitu, uweke chini uondoke.

Halafu kuna namna ngozi ilivyosindikwa. Ile iliyosindikwa kwa kromu ni laini, nzuri kwa viatu na mikoba, lakini kwa mkanda huu inavutika. Mara nyingi ukiikata, katikati ina rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Ile iliyosindikwa kwa magome ya miti ni ngumu na kahawia mpaka katikati, na ndiyo tunayoitaka. Sisi kwetu hatuko mbali na ngozi hata kidogo. Miwati, ambayo magome yake hutoa dawa ya kusindikia, inalimwa Njombe. Hapa Moshi kuna kiwanda cha ngozi na viatu Karanga, na ukielekea Himo kuna kiwanda kingine cha kusindika ngozi. Mafundi viatu wa mji huu wanaijua ngozi kwa kuigusa tu. Kwa nini basi tuagize gamba lililogandishwa?

Huu wa kahawia nilianza kwa kumwendea fundi na kumwomba ngozi ya soli, ile ngumu. Kipande kimoja hakifiki milimita 10, kwa hiyo ameunganisha vipande viwili, uso wa ngozi nje kote, akapaka gundi, akashona kwa uzi mnene wa nailoni uliopakwa nta, mistari miwili kila upande. Gundi peke yake msikubali, mshono ndio unaozuia vipande visiteleze kila unapojaza pumzi. Kazi ilichukua siku nne na nikalipa elfu 75, ngozi ikiwemo.

Tatizo lilikuwa bizimu. Bizimu la upana wa sentimita 10 sijaliona dukani. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akakunja chuma laini cha mviringo cha milimita 8, akachomelea, akapiga tupa mpaka pakawa laini. Ulimi ni mmoja tu. Kuna mabizimu ya ndimi mbili, yanapendeza macho, lakini kuzilenga zote mbili kwenye matundu ukiwa umebana tumbo ni usumbufu, na nguvu ya ziada siioni. Ukienda kutengenezewa, msisitizie fundi bizimu lifungwe kwa ribiti za chuma, siyo kushonwa peke yake.

Matundu nayo yana akili yake. Mikanda mingi ya kiwandani inaacha sentimita 2.5 kati ya tundu na tundu. Mimi nimemwambia fundi atoboe kila sentimita 2, kwa sababu kiuno cha saa kumi na mbili asubuhi siyo kiuno cha jioni baada ya bakuli la mtori. Tundu moja likiwa mbali, unabaki katikati: hili limelegea, lile linakunyima pumzi.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye leva. Huu wa jirani ni mzuri, sitaficha. Unaweka, unabonyeza, umefunga, kila siku ni palepale. Ukimaliza unafungua kwa mkono mmoja. Lakini kuubadilisha kwenda tundu jingine unahitaji bisibisi, na leva ikivunjika, kupata nyingine huku kwetu ni kusubiri mzigo wa kuagiza. Kama mnatumia mkanda mmoja nyumbani, wewe na mkeo au wewe na mdogo wako, leva itawachosha. Kwa bei yake pia, huu ni zaidi ya mara tatu ya ule wa fundi. Mimi nachagua bizimu.

Kupima: usitumie namba ya suruali, tafadhali. Suruali tunavaa chini, mkanda huu unakaa usawa wa kitovu. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha usawa huo ukiwa na fulana ya mazoezi, usibane tumbo ndani. Namba hiyo iangukie matundu ya katikati, ubaki na nafasi ukinenepa au ukipungua. Ukishaufunga, jaribu kuvuta pumzi ya tumbo. Ikikataa kuingia, umebana mno, legeza tundu moja.

Mkanda mpya utakuwa kama ubao. Usiuloweke maji. Uviringishe kuelekea ndani, kisha kuelekea nje, mara nyingi, jioni ukiwa umekaa. Wangu ulikubali baada ya wiki tatu hivi. Mafuta ya ngozi kidogo sana, kwa kitambaa, ukiona inakauka. Ukizidisha inalegea na ugumu ndio tulioulipia. Baada ya mazoezi futa jasho, utundike kwenye msumari ndani, pasipo jua. Na masika haya ya Machi mpaka Mei, usiukunje ukautupa kwenye begi, utaamka una ukungu wa kijani.

Wengi mmeuliza niuvae lini. Seti za kupasha mwili nafanya bila mkanda kabisa, naufunga nikifika kwenye seti nzito za mwisho, kisha naulegeza kati ya seti. Leo skwati ni kilo 110. Naufunga tundu la tano. Sasa muangalie tumbo, si mgongo: navuta pumzi, linajaa mbele, pembeni na nyuma, ndipo nashuka.